Kuangalia ndege Saanane mwezi Machi: naombeni ushauri

Mwalimu wa Nyegezi: Ndugu zangu, salaam. Ninapanga kuwapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza, mwishoni mwa Machi, kabla ndege wahamiaji kama mbayuwayu hawajarejea Ulaya. Je, masika hayataharibu safari, au afadhali twende Rubondo, ile hifadhi nyingine ya kisiwani katika Ziwa Victoria?

Mkazi wa Capri Point: Mwalimu, nendeni Saanane bila wasiwasi. Hifadhi ni ndogo, kilomita za mraba 2.18 tu, na boti kutoka huku kwetu hufika kwa dakika chache, kwa hiyo mvua ikitanda mnarudi mapema. Fikeni asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado umetulia. Simameni kimya karibu na mawe: mnandi akitoka kuzamia samaki hutanua mabawa juani ili yakauke, maana manyoya yake hulowa kuliko ya bata, na hapo hata mtoto asiye na darubini atamwona vizuri. Msiwakose kwera pia. Dume ndiye anayesuka kiota, na masika ndiyo majira yake.

Dada wa Geita: Ninaunga mkono. Rubondo ninaipenda mno, kwa msitu wake na kasuku wa kijivu walioachiliwa huko mwaka 2000, lakini hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi linalovuka ziwa kufunguliwa, safari ya barabara kisha boti hudai kulala hukohuko, na gharama yake kwa wanafunzi ni kubwa. Popote mtakapokwenda, Mwalimu, tafadhali kila mtoto avae jaketi okozi kabla ya kupanda boti.