Wauza spea wa Pemba, pampu ya petroli haiuzwi kwa kukisia!

Assalaam alaykum. Leo nimekuja na hasira zangu zote. Atakayeona namsema yeye, basi ni yeye.

Hebu nielezeni, muuza spea anayekwambia "hii ya Hiace" bila ya kukuuliza injini gani, huyo anauza nini? Hiace za umbo lile la miaka ya 90 zimekuja na injini chungu nzima. Ziko za dizeli, 2L na 3L, ambazo hata hiyo pampu ya umeme ndani ya tangi hazina, pampu ya injini yenyewe ndiyo inayovuta mafuta. Iko 1RZ ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Iko 2RZ-E ya injekta, vile vipua vinavyopuliza petroli kwa presha, na hiyo ndiyo yangu mie. Bodi moja, milango ile ile, lakini kwenye mafuta ni mbali mbali kabisa. Kabureta inataka presha ndogo tu, psi (kipimo cha presha) 3 mpaka 5 hivi. Injekta za gari hizi zinataka karibu psi 40. Ukitia pampu ya kabureta kwenye injekta, hata iwe imetoka kiwandani leo asubuhi, utakohoa nayo barabara nzima.

Sasa sikilizeni. Nimemtuma kijana dukani, karatasi mkononi, nimeandika kwa herufi kubwa: 2RZ-E, INJEKTA, YA NDANI YA TANGI. Karudi na kijipampu cha kufunga nje, kile cha mraba kinacholia tak-tak-tak. Nikaenda mwenyewe. Bwana yule hata hakuona haya. "Yakhe, ya ndani ya nini, utajitesa kushusha tangi bure. Kifunge hichi kwenye chasisi umalize kazi. Kinakubali tu." Nikamwambia haya, niandikie kwenye risiti kwamba kinakubali injekta. Kimya. Kilichokuwa tayari kimepigwa muhuri kwenye risiti ni "mali ikishauzwa hairudishwi".

Hivi hairudishwi hata ikiwa mliyonipa siyo niliyoitaka? Kwa sheria ya wapi?

Duka la pili wakanipa ya tangini kweli, boksi linang'ara, jina la kampuni kubwa limeandikwa. Kuifungua, pampu nyepesi kama toi la mtoto, maandishi yake yanafutika kwa kidole, na plagi haiingii mpaka waya zikatwe zikaungwe. Ikafungwa. Ikawa inalia mluzi tangu siku ya mwanzo, na ikipata moto inalegea. Gari ikiwa baridi inaondoka vizuri tu. Ukianza vilima vya kutoka Mkoani inakata pumzi. Imenilaza Mtambile na watu wa harusi ndani, mama mmoja kavaa dhahabu zake zote anasukuma gari! Ikipoa, inawaka tena kama haijafanya kitu. Kurudi dukani nikaambiwa "pampu za siku hizi ndo zilivyo".

Na msiniambie niagize Unguja. Nishaagiza. Wa kule wanakwambia "nitumie picha". Picha itakuonesha presha? Pampu nyingi za tangini kwa umbo ni ndugu wa tumbo moja, tofauti yao ni presha na kiasi cha mafuta zinachosukuma. Mzigo unapanda meli, unashuka Mkoani, na kama sio wenyewe, nauli ya kuurudisha juu yako. Wenzetu wa mjini wanaweza kwenda Darajani wakagombana ana kwa ana. Sisi wa kisiwa hichi tunagombana na simu isiyopokelewa.

Mafundi nao wana lao. Gari ikikosa nguvu tu, "pampu hiyo". Hujapima presha, umejuaje? Geji ya presha haipo gereji, ila bisibisi ipo. Toyota nyingi za enzi hizo zina kiboksi cha kupimia hapo kwenye injini, ndani yake mna tundu la FP, la pampu, na la +B, la umeme. Unaziunga kwa kipande cha waya, unawasha swichi ya ufunguo, pampu inaunguruma bila ya kuwasha injini, unaweka geji unasoma. Halafu pima umeme pale kwenye plagi ya pampu huku inafanya kazi. Ikiwa betri ina volti 12 na huku zinafika 10, pampu hata ya dhahabu italegea, na kwa chumvi ya bahari hii waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ndio wa mwanzo kuliwa na kutu. Yote hayo kabla tangi halijaguswa.

Aliyenifungia mie alijaribu pampu mpya kwa kuigusisha betri ikiwa kavu. Pampu ile hupozwa na kulainishwa na petroli yenyewe, ukiizungusha kavu unaianzia maradhi. Na cheche zile kazitoa ubavuni mwa tangi lililo wazi! Nilitoka mbio mie. Kile kichujio cha kitambaa chini ya pampu akarudisha cha zamani, cheusi tititi. Mpira wa ndani akatia wa maji, ambao ukilala kwenye petroli unavimba na kupasuka, presha yote inarudi tangini. Nikimuuliza anacheka.

Mimi ombi langu ni dogo. Uliza injini. Andika kwenye risiti ni ya injini gani na presha ngapi. Ikipimwa ikawa sio, rudisha pesa au badilisha, bila ya kununiana. Aliyeandika huo muhuri wa "hairudishwi" hakupewa ruhusa ya kuuza uongo.

Mwenye kulijua duka, Pemba au Unguja, lenye pampu ya 2RZ-E ya kweli na linalokubali uipime kabla hujalipa, aniandikie hapa chini. Na wale wa "uza hiyo nunua Noah" piteni tu, sijakuiteni.