Storm na Yukio wa X-Men: mashoga tu au wapenzi? Naombeni ushauri

Kalamu_Butu: Wakuu, naandika makala ya maneno 2,000 kuhusu Storm, yaani Ororo, shujaa wa kike wa komiki za X-Men mwenye nguvu za hali ya hewa. Hoja yangu: Ororo anapenda wanaume na wanawake, na mpenzi wake wa kike ni Yukio, mwanamke wa Japani kwenye komiki hizo. Mhariri kaniuliza swali moja tu, "ushahidi uko wapi?", usingizi umekata. Nianzie wapi?

Paneli_Nne: Mashoga kwa maana ya bibi zetu au ya siku hizi? 😂

Bint_Komiki: Anzia Uncanny X-Men na. 172 na 173, za 1983. Chris Claremont kaandika, Paul Smith kachora. X-Men wako Japani kwa harusi ya mwenzao Wolverine na Mariko, Ororo anakutana na Yukio, na kwenye 173 anarudi kanyoa kiduku, kavaa ngozi nyeusi. Kitty, msichana mdogo wa kikosini, akimwona anataharuki. Usitafute busu, tafuta kilichobadilika. Ororo alizoea kubana hisia kwa sababu akipandwa na hasira hali ya hewa inachafuka. Yukio ndiye anayemwonyesha kuishi bila woga. Kisha weka pembeni na. 186 ya 1984, Ororo yupo na mwanamume anayeitwa Forge baada ya kupoteza nguvu zake. Hapo mapenzi hayafichwi.

Mzee_Wino: Msisahau ile kanuni ya wachapishaji wa komiki wa Marekani ya 1954. Mapenzi ya jinsia moja yalizuiwa mpaka iliporekebishwa 1989. Kwa hiyo kukosekana kwa busu 1983 hakuthibitishi lolote, kwako wala kwa mpinzani wako. Mapenzi ya Mystique na Destiny, wanawake wawili wa komiki za X-Men, yalifumbwafumbwa miaka na miaka, mpaka X-Men Blue: Origins ya 2023 iliposema wazi kwamba ndio wazazi wa Nightcrawler, mmoja wa X-Men.

Kisiwa_cha_Diana: Si umwandike Wonder Woman tu? Mwandishi wake Greg Rucka alishasema 2016 kwamba Diana, yaani Wonder Woman, amependa wanawake. Kazi imeisha.

Bint_Komiki: Kauli ya mwandishi nje ya kitabu si ukurasa. Kalamu, wewe unategemea ukurasa upi hasa?

Kalamu_Butu: Nina picha ya kisanduku kimoja cha komiki, Yukio anamwambia Ororo "nakupenda". Matoleo yenyewe sijayasoma. Na makala nilishaituma, kisanduku hicho kiko juu kabisa. Lakini hata bila hicho, Ororo aliolewa na T'Challa, mfalme wa Wakanda, 2006, ndoa ikafutwa 2012. Hiyo si ishara?

Mzee_Wino: Ishara ya nini? Namor, mfalme wa baharini aliyekuwa upande wa X-Men, aliizamisha Wakanda katika vita vya Avengers na X-Men, T'Challa akafuta ndoa. Yukio hahusiki. Tena anayependa wote wawili akiolewa na mwanamume habadiliki.

Herufi_za_Mkono: Tupia hiyo picha.

Herufi_za_Mkono: Nimeiona. Enzi zile maneno yaliandikwa kwa mkono, na X-Men ya Claremont sehemu kubwa ni mkono wa Tom Orzechowski. Kuza picha, tafuta herufi A tatu. Za mkono hupishana kidogo. Hizi zimefanana kama zilizogongwa muhuri. Na ndani ya kiputo cha maneno ni peupe pe, ilhali karatasi yote ina unjano na nukta za rangi. Mtu kafuta maneno, kaandika yake.

Paneli_Nne: Mhariri gani anapokea makala kwanza, ushahidi anaudai baadaye? Huyo mhariri hayupo, na kiputo umekipika wewe.

Kalamu_Butu: Yupo! Na picha nimeikuta imeshakatwa hivyo hivyo. Mnanionea.

Bint_Komiki: Aliyeipika hatutamjua. Mwandikie mhariri leo, kitoe kisanduku. Halafu usiseme "ni wapenzi". Sema hadithi inampa Yukio nafasi ambayo mwaka unaofuata inampa Forge. Kila dai litajie toleo, ukurasa, nani anasema, nani anamtazama nani. Hapo ndipo makala nyingi za aina hii huanguka: zinanukuu maneno, macho hayasomwi.

Kalamu_Butu: Hilo la Forge nimelipenda. Ila kichwa "Mke wa Kwanza wa Storm" si kinaweza kubaki?

Herufi_za_Mkono: Soma 172 kwanza.