Mjadala: Je, Marjorie Oludhe Macgoye ni mwandishi wa Kenya?

Kila wanapotajwa waandishi wa Kenya, hurudi hoja kwamba Marjorie Oludhe Macgoye, kwa kuwa alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, alikuwa mgeni aliyeandika kuhusu Kenya, wala hakuwa mwandishi wa Kenya. Naomba kuipinga hoja hiyo, ingawa upo upande wake mmoja ninaouheshimu.

Macgoye alifika Kenya mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, akiwa mmisionari muuza vitabu. Mwaka 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, Mjaluo, na mwaka 1964, wakati walowezi wengi walikuwa wakifungasha mizigo, yeye akachukua uraia wa Kenya. Alilea watoto, akafundisha, akauza vitabu Nairobi na pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alifariki Nairobi mwezi Desemba 2015. Mlinganisheni na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyeishi Kenya, ambaye shamba lake la kahawa liliposhindwa aliondoka mwaka 1931 asirudi tena, na ambaye nyumba yake tumeigeuza makumbusho ya taifa tangu 1986. (Sijasikia mtu akiilalamikia.) Mwaka huohuo wa 1986 ndipo Macgoye alipotoa Coming to Birth, riwaya ya Paulina, msichana wa Kijaluo anayeingia Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe, na ambayo haikumweka Mzungu yeyote katikati ya hadithi.

Kwa hiyo hoja ya damu sioni uzito wake; penye uzito ni kwenye lugha. Kufikia miaka hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshageukia Kikuyu, na mwandishi Grace Ogot alikuwa ametoa riwaya ya Miaha kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, mwaka 1983, lakini Macgoye alibaki na Kiingereza. Anayeuliza kwa nini maisha ya Paulina yasimuliwe kwa lugha ambayo wanawake wengi wa hali yake hawakuweza kuisoma, anauliza swali la haki kabisa. Ila swali hilo linawabana vilevile waandishi wengi waliozaliwa Kisumu, Nyeri na Machakos wakaandika Kiingereza maisha yao yote, nasi hatujawahi kuwavua Ukenya kwa sababu hiyo.

Mwenye kigezo kingine kisichokuwa mahali pa kuzaliwa, na kitakachowapima wote kwa pamoja, akiweke hapa tukijadili.