Shimi na fizike mbele ya Egzetat: kaye, itemu za zamani, repetitere ao simu?

FinalistiWaKadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wote. Niko mufinalisti wa sayansi, Egzetat (mutihani wa taifa wa kumaliza sekondari huku Kongo) inakaribia na shimi na fizike njo zinaninyima usingizi. Niko na njia ine mbele yangu na siwezi kuzifata zote juu muda hautoshi: kurudilia makaye yote toka mwaka wa kwanza wa sekondari, kununua fotokopi ya itemu (maulizo ya mutihani yenye majibu ya kuchagua) za myaka ya nyuma na kuzifanya tu, kulipa repetitere (mwalimu wa pembeni) pamoja na wenzangu wa kartie, ao kufata video kwa simu. Repetitere anaomba franga zenye papa hatatoa kirahisi, simu nayo inakula mega. Wenye mulishapita pale, mungechagua gani? Na tafazali musiniambie "zote", hilo nimeshalisikia.

DadaNdosho (Goma)

Itemu, mudogo wangu, itemu. Egzetat haikuombi uandike maelezo ukurasa muzima, inakuomba uchague jibu, basi zoea kuchagua.

Lakini watu wengi wanazifanya vibaya. Mutu anatia alama, anaangalia korije nyuma, "ah kumbe ilikuwa ya tatu", anapita. Hapo hajafunza kitu. Majibu ya uongo hayawekwi pale ovyo, kila moja imetoka kwa kosa fulani lenye mutungaji anajua mutalifanya. Angalia hii: motokari inaenda 72 km kwa saa, dereva anafunga freni, inasimama kisha sekonde 5, imetembea metre ngapi toka alipoanza kufunga? Unageuza 72 inakuwa 20 m/s, mwendo wa katikati ni 10, mara 5, metre 50. Sasa mwenye anasahau kugawa kwa mbili anapata 100. Mwenye anagawa lakini anasahau kugeuza km kwa saa anapata 180. Nenda uone kwenye majibu: 50 iko, 100 iko, 180 nayo iko! Yaani umekosa halafu unakuta jibu lako limekungojea, unafurahi, unatia alama na unapita na roho safi kabisa.

Kwa hiyo ukishapata ya kweli usikimbie, jiulize zile zingine zimetoka wapi, andika pembeni "hii ni ya mwenye hajageuza", "hii ni ya mwenye amesahau nusu". Itemu moja itakukalisha, ndiyo, lakini kumi za namna hiyo zinapita mia za mbio mbio.

MwalimuHimbi (Goma)

Dada anasema kweli kwa upande wa fizike. Kwa shimi nabisha.

Fizike fomula si nyingi, na hata ukisahau moja unaweza kuitafuta kwa yunite: wakiomba mwendo na jibu lako limetoka na kg ndani, unajua mara moja kuna kitu umeharibu. Shimi haina huo mulango. Ukiingia kwenye itemu bila valansi kichwani, bila majina ya asidi na chumvi, bila kujua kusawazisha ekwasio, unacheza bahati nasibu tu. Kaye kwanza, lakini si kaye yote, usianze kusoma historia ya atomu ukurasa kwa ukurasa. Chukua valansi, majina, mole, normalite, oksidasio na rediksio. Kisha itemu.

Normalite (N, yaani mole za protoni ao elektroni zenye lita moja inaweza kutoa ao kupokea) njo fasi wanafunzi wanaangukia kila mwaka. Unawapa H₂SO₄ ya mole 0,5 kwa lita, wanaandika 0,5 N. Hapana, ile asidi inatoa protoni mbili, ni 1 N. KMnO₄ nayo kwenye asidi inapokea elektroni 5, basi molarite (mole kwa lita) mara 5, lakini bila asidi, pale inapoishia MnO₂, ni 3. Mutoto asiyejua hiyo ataweka N₁V₁ = N₂V₂ vizuri sana, hesabu safi, na jibu la uongo.

Na hapo niseme juu ya video. Nyingi za Kifaransa zimefatisha programu ya Ufaransa, na kule siku hizi normalite hawaitumii, ni mole kwa lita tu. Ukisomea simu peke yake utafika kwa mutihani ukiuliza hii N ni nini.

FinalistiWaKadutu (Bukavu)

Mwalimu aksanti sana, hiyo ya video sikuwa naijua. Sasa repetitere je?

MamaWaBatatu (Bukavu)

Mwanangu, mimi nimeshalipia watoto watatu, acha nikuambie. Kuna repetitere anakuja, anajaza tablo, watoto wanakopia, anafuta, anajaza tena, saa mbili zimeisha kila mutu anasema ameelewa. Ukimwita mutoto afanye mwenyewe, kimya. Huyo wetu tulimwachisha. Aliyefata tulimuomba asiandike, watoto njo waandike, yeye akae nyuma aulize "juu ya nini umegawa hapo?" Na tulimulipa kwa shapitre, si kwa mwezi. Mukiwa watano mukichangia kwa shapitre moja tu yenye inawashinda, papa yako anaweza kukubali.

LushoisWaKatuba (Lubumbashi)

Batu ba Kivu munasahau njia ya tano: group. Siseme group ya WhatsApp, ile ni ya kutumiana fotokopi zenye hazisomeki na, usiku wa kuamkia mutihani, batu ba kuuzisha "majibu" yenye ni uongo mutupu. Nasema batu bane, tablo moja, kraie. Mumoja anafasiria, batatu banamukatala. Kufasiria mutu mwenye anakubishia njo unajua kama umeelewa kweli.

Kwetu ile yenye ilitusaidia sana ni elektrolize, juu huku tunakaa mu inchi ya mukuba (shaba), kila mutu iko na mujomba mwenye alitumika mu izine, katode, zile sahani za mukuba, tunaziona zinapita pa makamio. Item inasema hivi: kura ya umeme ya ampère 10 inapita mu solisio ya CuSO₄ sekonde 965, mukuba ngapi itabaki pa katode? 10 mara 965 ni 9 650 kulombi. Gawa na 96 500, ni mole 0,1 ya elektroni. Sasa simama hapo! Cu²⁺ moja inakamata elektroni mbili, basi ni mole 0,05 ya mukuba, mara 63,5, inatoka grame 3,175, tuseme 3,2. Mu group yetu mumoja alibishana saa muzima kama ni 6,35, tulimuomba achore ile ioni pa tablo, achore na elektroni zake moja moja, pa elektroni ya pili akanyamaza, akaanza kucheka. Hakuna repetitere mwenye angekuwa na subira ya kumungojea vile.

Njo ile yenye DadaNdosho anasema, 6,35 itakuwa pale mu majibu inakuchekelea.

DadaNdosho (Goma)

😂😂 Hiyo 6,35 naijua sana. Huku kwetu ni mazuku. Kila mutoto wa Goma anaambiwa toka utoto asiingie mashimo fulani ya kule kwenye mawe ya volkeno, lakini umuulize finalisti juu ya nini ile gazi inakaa chini haipandi, anaangalia juu. CO₂ mole moja ni grame 44, hewa ni karibu 29, basi inatulia kwenye shimo. Ukikumbuka mazuku hutasahau kulinganisha masi ya mole maisha yako yote.

FinalistiWaKadutu (Bukavu)

Basi naona hivi: shimi naanza na zile shapitre za mwalimu kwa kaye, fizike naingia itemu moja kwa moja kama dada, na nitatafuta batatu wa kukaa nao, nyuma ya chechi kuna tablo. Repetitere tutamuita kwa umeme peke yake, ile ya kondansateri inatushinda wote. Simu naiacha.

MwalimuHimbi (Goma)

Simu usiiache yote. Kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, ni michezo ya fizike na shimi, ya bule, iko na Kifaransa. Unapakua mara moja fasi kuna wifi, kiisha inatembea bila intaneti. Unaunga waya, ampule, pili (betri), unaona kura inapungua ukiongeza rezistansi. Kwa umeme itawasaidia kuliko tablo, hasa kama masomo yenu hayana laboratware.

Na kabla hujaondoka, itemu moja ya group yenu: HCl ya mole 10⁻⁸ kwa lita, pH ni ngapi?

FinalistiWaKadutu (Bukavu)

8?

LushoisWaKatuba (Lubumbashi)

Wee! Asidi inapita 7? 😂

MwalimuHimbi (Goma)

Mwacheni. Maji yenyewe yako na protoni zake, 10⁻⁷, ni mingi kuliko za asidi yako. Ukihesabu zote inatoka karibu 6,98. Lakini 8 itakuwa kwenye majibu, uhakika.