Namfundisha kijana umeme kwa mfano wa maji, sasa ananiambia namdanganya

FundiSola: Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani na sola, nina saidia ninayemfundisha kazi. Nimempa mfano niliopewa na mimi: volti ni presha ya tangi, ampea ni maji yanayopita, ukinzani ni wembamba wa bomba, na mkondo hutoka chanya kwenda hasi. Kashika upesi, waya wa jiko na wa taa hachanganyi. Sasa kaanza masomo ya jioni. Juzi kaniambia, "Bosi, elektroni, zile chembe zinazobeba umeme kwenye waya, zinatoka hasi kwenda chanya, tena zinatambaa, kwa sekunde hazimalizi hata milimita." Nikakosa jibu. Nibadilishe?

Mwl_Fizikia: Kijana yuko sahihi, nawe usibadilishe. Benjamin Franklin alishatoa majina ya chanya na hasi karne ya 18, elektroni ikaja kugunduliwa na J.J. Thomson mwaka 1897. Mshale wa daiodi (kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) mpaka leo unafuata upande wa Franklin, chanya kwenda hasi. Ukiigeuza mishale yote, hesabu inaleta jibu lile lile. Na mwambie umeme wa gridi hata hausafiri, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde!

Mzee wa Shoti: Upande wowote utokee, mimi umeshanirusha 😂

MamaNyaya: Mkuu, mimi sikubaliani sana. Huo mfano una mahali unaua. Bomba likikatika unaona maji yanamwagika, unajihadhari. Waya ukikatika umelala kimya. Nilikuwa na saidia aliyetaka kuokota waya ulioanguka, eti umeme "umeshatoka wote". Nilimvuta shati. Tangu siku hiyo maji nayatumia kwenye kupima ukubwa wa waya tu, usalama naufundisha kivyake.

FundiSola: Hapo umenigusa dada. Sikuwahi kumwonyesha mfano unapokomea. Ila kanuni yangu nyingine ni kwamba kila waya una moto mpaka testa iseme hauna. Ukihesabu nyaya tunazoshika kwa siku, nyingi hazina, kwa hiyo hata hiyo ni uongo!

MamaNyaya: Huo uongo usiuguse. Na testa yenyewe aijaribu kwanza kwenye waya anaojua una moto.

FundiSola: Nimeelewa. Kesho tunafunga paneli, nitamwacha achore mishale anavyotaka, mradi betri asiipachike kinyume.

Mzee wa Shoti: Hayo masomo ya jioni wanachukua wazee?