Naomba ushauri: vinia ya meza ya zamani imevimba na kumeguka ukingoni

Wakuu, habari. Vinia, yaani ule ubao mwembamba sana uliobandikwa juu ya meza, ina lengelenge la upana wa kiganja. Ukiligonga kwa ukucha linalia tupu. Gundi ya zamani ni ya kahawia, inavunjika kama kioo, na ikiguswa na maji ya moto inanata, kwa hiyo ni gundi ya wanyama (ya kuchemsha ngozi na mifupa).

Njia ya kwanza: kitambaa chenye unyevu, pasi ya moto wa wastani sekunde 10 hivi, kisha kugandamiza kwa ubao na jiriwa (kibanio) hadi ipoe. Hofu yangu ni sheleki (vanishi ya asili) iliyopakwa juu, maana mvuke huiacha na madoa meupe. Ya pili: kuchana kwa wembe kufuata nyuzi, kuingiza gundi kwa sindano, kuweka nailoni chini ya ubao, kubana saa 24. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Je, nitumie ya wanyama tena?

Ukingoni pengo ni sentimita 3. Kiraka nitakikata mshazari, kwani mkato wa kukingama nyuzi huonekana mno. Tatizo, vinia mpya ni milimita 0.6, ya zamani 0.9. Nibandike mbili? Kupiga msasa ya zamani sitaki, itatoboka.