Tupeane uzoefu: kipigo gani cha timu ya taifa kilikufanya useme sasa watoto waingie?

Kinyozi Kongowea

Haya wadau, mie naanza. Novemba 2025 Harambee Stars, timu yetu ya Kenya, na Senegal kule Antalya, Uturuki, mechi ya kirafiki, urafiki gani sasa huo, tukala nane bila. Nlikuwa namnyoa mteja, simu nimeiegemeza kwa kioo, goli la tano nikazima mashine nikakaa chini, mteja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, ananiambia we endelea bana, hao washaisha mie nina harusi. Tangu siku hiyo hapa kwangu stori ni moja tu, timu ivunjwe waekwe vijana, manake AFCON ya 2027 twaiandaa sisi na Tanzania na Uganda na aibu ya nyumbani si kama ya ugenini. Leteni zenu. Ulojionea mwenyewe, sio ya kuambiwa.

Babu wa Majengo

Mwanangu hiyo nane haikuniuma, nlishazoea. Ilioniuma ni moja. 1987, Michezo ya Afrika, fainali Kasarani na Misri. Tulipanda treni ya usiku hapa Mombasa vijana sita, chapati zimefungwa kwa gazeti, twaimba mpaka Voi watu wa behewa la pili wakaja kutugombeza. Misri wakatufunga moja bila. Kurudi treni ile ile lakini kimya, mwenzetu mmoja alibaki na chapati yake mkononi hadi stesheni hakuila.

Sasa nisikizeni. Ile timu ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio uliotuponza. Kombe la Afrika 1988 tuko, 1990 tuko, 1992 tuko, sote twapiga makofi na hakuna aliyeuliza hawa wakichoka nani yuaja nyuma yao. Baada ya hapo kimyaa mpaka 2004 Tunisia. Miaka kumi na mbili! Kijana wangu alizaliwa, akatahiriwa, akafika darasa la sita, Kenya kwenye AFCON aisikia kwa babake tu. Nyie mwasema kipigo ndio huleta vijana, sisi tulilazwa usingizi na kushinda.

Weta Mstaafu

Babu umenena. Mie yangu si ya Kenya lakini niliiona kwa macho yangu. Mwaka 2000 nlikuwa weta hoteli moja Bamburi, wakati wa mvua, wageni wachache na karibu wote Wajerumani wazee. Ikaja Euro, kombe la mataifa ya Ulaya. Ile mechi ya Ureno nlikuwa zamu ya usiku, Ujerumani wakapigwa tatu, zote Sérgio Conceição, na katikati yuko Matthäus wao ana miaka 39 anakimbia kama mtu anayefukuza matatu ishaondoka. Wakamaliza mkiani kwa kundi na pointi moja. Mzee mmoja wa meza ya dirishani hakutukana hakulia, alinyanyua vidole vitatu akataka bia tatu, akazinywa peke yake, akaenda kulala.

Lakini wale hawakuishia kubadilisha kocha. Klabu za Bundesliga, ligi yao kuu, zikalazimishwa kuwa na akademi, wakafungua zaidi ya vituo 300 vya kufundisha watoto nchi nzima, na huko vijijini pia. 2010 Afrika Kusini tukamuona Müller miaka 20 na Özil 21 wakiwapiga Argentina nne. 2014 wakabeba kombe. Hesabuni wenyewe, 2000 mpaka 2014. Sisi kocha akipoteza mechi mbili twamtaka kwa ndege Jumatatu.

Beki Tatu

Vijana vijana, vijana gani?? Nlicheza timu ya mtaa ya chini ya miaka 17, stopa wetu alikuwa anakuja tizi na mwanawe wa kumshikia maji. Tukashinda kombe alafu mwaka wa pili goti lake likakataa. Mnataka kujenga timu kwa watu kama hao

Mama Likoni

Jamani mie mpira siujui sana ila nina mtoto. 2019 kule Misri tulipocheza na Senegal alikuwa na miaka tisa. Kipa wetu Matasi alipodaka penalti ya Mané nyumba nzima tuliruka, mpaka jirani akagonga ukuta, alafu kipindi cha pili wakatia tatu. Mtoto akalia mpaka akalala na jezi. Tokea hapo ni mpira tu.

Juzi juzi kukawa na majaribio ya vijana ng'ambo ya pili. Tulivuka na feri ya alfajiri, daluga ya kushoto imetiwa gundi kwa fundi mara mbili. Wakamwandika namba kwa kalamu ya wino mzito hapa mkononi, 143. Watoto wengi kama mchanga. Saa nane mchana walikuwa hawajafika mia, wenye shughuli wakaangalia saa zao wakasema basi, waliobaki wataitwa kwa simu. Mwanangu hakugusa mpira. Na ile namba alikataa kuiosha, akioga aunyanyua mkono juu, siku nne, asema mama wakiita na namba imefutika watajuaje ni mimi?

Babu wa Majengo

Lahaula.

Beki Tatu

Pole mama, hapo nimenyamaza.

Kinyozi Kongowea

Mama simu iliita?

Mama Likoni

Mpaka leo. Hata namba yangu ya simu hawakuichukua, nilikuja kukumbuka tukiwa kwa feri.

Weta Mstaafu

Mama hapa Bamburi kuna wazee twafundisha watoto Jumapili asubuhi ufukweni maji yakitoka, bure, na kila mtoto hugusa mpira. Mlete. Acheza wapi?

Mama Likoni

Winga ya kulia. Jumapili hii ana mtihani wa madrasa, ijayo inshallah. Na huko mchangani si mwacheza miguu mitupu? Manake ile daluga ishafungua mdomo tena.